Utani wa Siku ya Arobaini

Tulimwacha Hajra amejibanza nyuma ya banda la kuku la mtu asiyemjua, mjini Ruangwa, kiganja kakiweka mdomoni asije akapiga kelele.

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, ngoja nikuweke sawa. Hajra ni mwanamke wa Nachingwea. Mwaka 1998 alipewa talaka na Mbaruku, mnunuzi wa korosho na ufuta, baada ya ndoa ya miaka saba isiyo na mtoto. Aliachwa kwa kosa la kumwingiza mwalimu mmoja chumbani, mumewe akiwa safarini. Kosa lenyewe hakulifanya. Lilitungwa na Kulthumu, shoga yake wa kufa na kuzikana, aliyemnong'oneza Mbaruku maneno hayo huku akijifuta machozi ya huruma.

Kwa miaka minne Hajra alijiuliza Kulthumu alifaidi nini na uongo ule. Mwezi wa kumi mwaka huu wa 2002 akapata jibu. Alikuwa amekwenda Ruangwa kuuza mikeka, akapita njia ya uani, akamwona Kulthumu anatoka chumbani kwa Mbaruku, ambaye siku hizi anaishi huko, kanga moja kifuani, ndoo ya maji ya kuoga mkononi. Nyuma yake Mbaruku anamwambia kasahau sabuni.

Na Kulthumu ni mke wa mtu. Mumewe ni Masoudi, fundi baiskeli wa sokoni Nachingwea. Siku hiyo Kulthumu alikuwa ameaga kwamba anakwenda Mbekenyera kumuuguza shangazi.

"Umepatikana," Hajra akasema moyoni. "Leo umepatikana, mwana wa watu."

Mikeka hakuiuza tena. Alipanda lori la magunia, akakaa juu kabisa, na njia nzima akawa anapanga maneno.

Alianza na "Masoudi, kaa chini kwanza." Akaona ni laini mno. Akajaribu "Mkeo malaya." Hilo lilikuwa tamu mdomoni, alilirudia mara kadhaa, lakini akaona litamchoma Masoudi kuliko litakavyomchoma Kulthumu. Na Masoudi hakuwa na kosa.

Mtu huyo hakuwa na kosa hata kidogo. Wakati mji mzima ulipompa Hajra kisogo baada ya talaka, Masoudi alikuwa akimwona tu anaitupa pampu chini na kupaza sauti sokoni: "Mtani! Mchawi wangu! Hujafa tu?" Koo zao ni za watani tangu enzi za mababu. Mtani unamtukana, anakutukana, unamnyang'anya kuku wake mchana kweupe, na hakuna anayekwenda kwa balozi kushtaki. Salamu ile ya matusi ndiyo heshima pekee Hajra aliyobakiwa nayo mjini.

"Kwa hiyo ndiyo sababu lazima ajue," alijiambia lori likiingia stendi. Wewe na mimi tunajua hiyo haikuwa sababu yenyewe.

Alikwenda moja kwa moja kwa Masoudi, mikeka ikiwa bado kichwani. Kabla hajafika kona ya mwisho, akasikia kilio.

Uani kumetandikwa majamvi. Wanaume wamekaa nje vichwa chini. Bi Sikuzani, mama yake Masoudi, alikuwa amekata roho asubuhi ileile.

Masoudi alipomwona alimjia, akamwegemea begani kama mtoto.

"Mtani, mama kaniacha."

"Pole, mtani wangu. Pole sana."

"Na Kulthumu hayupo. Nimempa dereva ujumbe aupeleke Mbekenyera. Sijui kama atawahi kuzika."

Maneno yote ya kwenye lori Hajra akayameza. Utamwambiaje mtu habari ile, mama yake hajaoshwa? Akatua mikeka yake, akaitandika pamoja na ya wenzake, akaingia jikoni kuchota maji.

Habari zilimfikia Kulthumu kwa njia zake, akafika kesho yake, watu wameshatoka makaburini. Alianza kulia tangu barabarani. Alipofika uani alijitupa chini, akagaragara, akamwita marehemu mama, mama, hata majirani wa mbali wakaja kutazama. Wanawake wakamkimbilia kumshika. Hajra naye akamshika. Alimbana mkono kwa nguvu zake zote, na nitakuwa mwongo nikisema hakufurahia.

"Shangazi anaendeleaje?" akamuuliza alipotulia.

"Shangazi gani?"

"Wa Mbekenyera."

"Ah. Hajambo kidogo, tunamshukuru Mungu."

"Dereva anasema alifika, hakukukuta."

"Tulipishana njiani."

"Mlipishana wapi?"

Kulthumu akapenga kamasi kwenye ncha ya kanga. "Hajra, mimi nimefiwa. Kama huna la kunifariji, kanisaidie kupeta mchele."

Hatua chache kutoka hapo, mlangoni, alikuwa amekaa Mzee Adinani. Huyu ni kaka wa marehemu, mjomba wake Masoudi, aliyefika kutoka Marambo. Katika ukoo ule mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake. Yeye ndiye anayewaoza, na ndoa ikiharibika yeye ndiye anayeivunja. Aliyasikia maswali ya Hajra yote, na majibu yake. Aliomba maji ya kunywa tu.

Matanga yakaisha, watu wakatawanyika, siri ikabaki na Hajra. Alilala nayo, akaamka nayo. Ilipomzidi akaipeleka kwa jirani yake Valentina, mwanamke wa Kimakonde anayetengeneza uraka, pombe ya mabibo ya korosho. Mabibo yalikuwa yameanza kuanguka, na Valentina alikuwa uani, mikono imelowa hadi kwenye viwiko, anayakamua.

"Usiseme," Valentina akamwambia, hata hajamaliza kusikiliza.

"Kwa nini nisiseme?"

"Wewe ni mtalaka wa Mbaruku. Ukimtaja Mbaruku, watu watasema bado unamtaka. Ukimtaja Kulthumu, watasema unalipiza kisasi. Na kweli si unalipiza?"

"Nalipiza. Kwani nakataa?"

"Basi usinidanganye mimi kwamba unamhurumia Masoudi."

"Namhurumia vilevile."

"Ati unamhurumia! Ukishamwambia, yeye atabaki na nini? Wewe utakuwa umefurahi, Kulthumu atakuwa ameondoka. Yeye je?"

Hajra alikijua vizuri alichokuwa akikitaka. Alitaka kumwona Kulthumu anakatiza mji mchana na godoro kichwani. Alitaka watoto wamfuate nyuma. Alitaka wauza samaki wanyamaze anapopita, halafu waanze kunong'ona akishapita. Yeye alipitishwa yote hayo, na siku hiyo Kulthumu alimsindikiza mpaka kwa mama yake akiwa amembebea sufuria, anamwambia, "Jikaze shoga, wanaume ndivyo walivyo." Kila akiikumbuka ile sufuria, damu inamchemka.

Lakini Valentina alisema kweli kuhusu watu. Nani atamwamini?

Wiki zikapita. Kulthumu akaenda tena "Mbekenyera." Masoudi mwenyewe alimfunga mkoba kwenye baiskeli akamfikisha stendi, akasimama anampungia mkono mpaka basi dogo lilipopotea. Hajra alikuwa kando ananunua dagaa. Akawarudisha dagaa wa watu.

Hapo ndipo alipopata wazo. Alirudi mbio kwa Valentina.

"Arobaini ya Bi Sikuzani ni wiki ijayo. Nitasema mbele ya ukoo mzima, na hakuna atakayenifanya kitu."

"Utasemaje?"

"Mimi si mtani? Siku ya arobaini watani ndio wenye msiba. Nitamvaa marehemu."

Msomaji wa huku kusini ameshaelewa. Kwa wengine nieleze: msibani mtani huweza kuvaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akasema kwa sauti yake. Anamsema yeyote kwa lolote. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye aibu.

Valentina akaacha kukamua. "Hakuna atakayekushtaki, sawa. Lakini dada, mtani nani anamwamini?"

"Watamwamini. Nitataja chumba, nitataja ndoo, nitataja mpaka sabuni."

"Haya," Valentina akasema, akarudi kwenye mabibo yake. "Mimi sikuwepo."

Siku ya arobaini ilisomwa hitma asubuhi, pilau likapakuliwa mchana. Masheikh walipokwisha kunawa tu, watani wakavamia. Mmoja alikalia sufuria kubwa, akaapa hakuna atakayeongezewa mpaka apewe ada yake. Mwingine alijilaza kizingitini analia kwamba yeye ndiye mume halali wa marehemu na wamemzika mkewe bila kumwambia. Watu wakaanza kucheka. Msiba ukaondoka mabegani mwao.

Ndipo Hajra akatokea chumbani.

Alikuwa amejitanda kanga ya Bi Sikuzani. Mgongo kaukunja, mkono mmoja kiunoni, mwingine unatafuta ukuta, kama mama yule alivyokuwa akitembea miaka yake ya mwisho. Akakohoa kile kikohozi chake kikavu. Akapapasa hewani.

"Ugoro wangu nani kauchukua?"

Ua mzima ukapasuka. Mashangazi wakaanguka juu ya mikeka. Masoudi akapiga kofi paja lake, machozi yanamtoka. "Mama! Mama huyo kafufuka!"

"Nyamaza wewe," Hajra akasema kwa sauti ya marehemu. "Nilikuzaa kwa tabu ukaishia kuziba pancha."

Vicheko.

"Mkwe wangu yuko wapi? Kulthumu! Njoo mwanangu, sogea nikuone."

Kulthumu alikuwa karibu na jiko, upawa mkononi, anatabasamu. Akasukumwa mbele na wanawake wenzake.

"Mbona siku ninakata roho sikukuona? Nikauliza, Kulthumu yuko wapi? Wakaniambia yuko Mbekenyera. Sasa sisi tuliokufa tunatembea bila nauli. Nikasema ngoja nipitie Mbekenyera nimuage. Nikafika, hayupo! Shangazi mzima kabisa, anapalilia!"

Watu wanacheka. Kulthumu bado anatabasamu.

"Nikarudi hadi Ruangwa. Nikasikia sauti yake. Nikaingia chumbani kwa Mbaruku yule wa korosho. Nani namwona? Mkwe wangu, kanga moja, anatoka na ndoo kwenda kuoga! Na bwana anamwita, wee Kulthumu, umesahau sabuni!"

Upawa ukaanguka.

Kwa muda mfupi sana Hajra aliuona uso wa Kulthumu bila chochote cha kuufunika, na uso ule ulikuwa umekufa. Miaka minne alikuwa anaingoja sura hiyo. Akahisi utamu unampanda toka miguuni.

Halafu Masoudi akacheka.

Alicheka akainama, akashika mbavu, akamwegemea mtu aliyekaa jirani yake. "Wallahi huyu mtani ataniua! Sabuni! Jamani, sabuni!" Na ukoo mzima ukacheka naye. Walicheka kuliko walivyocheka ugoro. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba Mbaruku mwenyewe hajui hata kununua sabuni, wakaanza upya. Masoudi akakimbia bandani, akarudi na jogoo mwekundu, akamkabidhi Hajra kwa mikono miwili.

"Chukua ada yako, mama. Umetuponya."

Hajra akasimama pale, jogoo kwapani, amevaa kanga ya maiti, na ukweli wake wote umekwisha mdomoni.

Kulthumu naye akawa anacheka sasa. Akacheka kuliko wote. Akaja mbio, akamkumbatia "mama mkwe" wake, watu wakapiga vigelegele. Mdomo wake ukafika sikioni kwa Hajra.

"Asante, shoga. Siri hii umeimaliza mwenyewe. Atakayeisema tena, watamwambia Hajra alishaitania siku ya arobaini."

Akamwachia, akaokota upawa wake, akarudi jikoni.

Mtu mmoja tu uani pale hakucheka. Mzee Adinani alikuwa amekaa palepale mlangoni, ameshika kikombe cha kahawa, na kahawa ilikuwa imepoa.

Kesho yake asubuhi Hajra alikuwa uani kwake anafagia kwa hasira, vumbi linapaa, jogoo wa ada kafungwa mguu kwenye mkorosho. Alikuwa akiutukana ujinga wake. Akamtukana na Valentina, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

"Hodi."

Ni Masoudi. Hakusema mtani, hakusema mchawi. Aliingia, akakaa kwenye kinu kilicholazwa, akainamisha kichwa.

"Karibu. Umefuata jogoo wako?"

Masoudi hakucheka. Akaongea kwa sauti kubwa, kubwa kuliko inavyotakiwa kwa watu wawili waliokaa karibu.

"Mtani, nimekuja kwa jambo moja. Yale ya jana kuhusu mke wangu. Ule ulikuwa utani, au sivyo?"

Hajra akasimamisha ufagio.

"Sema tu," Masoudi akaendelea. "Sema ulikuwa utani, nitaondoka, tutasahau. Watu wanaongea. Sema neno hilo moja tu."

Macho yake yalikuwa yanamtazama kwa namna ambayo Hajra hakuielewa. Aliyaona yanamsihi, akadhani yanasihi ukweli. Moyo ukamruka. Kumbe hakucheka kwa dhati jana! Kumbe ameamini, na leo amekuja na miguu yake mwenyewe kuomba aambiwe!

"Masoudi," akasema, akautupa ufagio. "Si utani. Ni kweli. Nilimwona kwa macho yangu."

Masoudi akafumba macho.

Kisha akainuka taratibu, akamsogelea Hajra mpaka karibu kabisa, na sauti ikawa ya kunong'ona.

"Kwani nani kakwambia mimi sijui?"

"Unajua?" Hajra naye akanong'ona.

"Tangu mwaka jana. Shangazi wa Mbekenyera nilishamtembelea. Hana hata mafua." Akameza mate. "Kulthumu ana mimba, Hajra."

Hajra akataka kumkatiza, Masoudi akaendelea.

"Mimi sizai. Nilipimwa hospitali ya misheni, daktari akaniambia wazi wazi. Kulthumu hajui kama nilipimwa. Hakuna ajuaye, hata mama kafa hajui. Mtoto huyo ndiye atakayeniita baba. Mwingine sitampata." Akatupa jicho langoni. "Mjomba yuko nje ya ua, anasikiliza. Kanituma nikuulize yeye asikie. Bado hujachelewa. Cheka."

"Nini?"

"Cheka, mtani. Cheka kwa nguvu, useme ulitaka kunitisha. Nakuomba ucheke."

Ingekuwa rahisi. Hajra alikuwa mcheshi wa kuzaliwa. Jana tu aliwaangusha watu chini. Alifungua mdomo kabisa.

Lakini neno lile lilikuwa limeshamwingia. Mimba. Ya Mbaruku. Miaka saba tumbo lake lilikaa kimya, alikunywa mizizi ya kila mganga kuanzia Kilimarondo mpaka Marambo, Mbaruku akamwita jina ambalo hata leo siwezi kuliandika gazetini. Na Kulthumu, aliyemnyang'anya mume kwa ulimi, sasa atapewa mtoto, nyumba, na mume wa pili wa kumbebea mkoba hadi stendi! Na yeye Hajra ndiye aombwe kucheka?

Hakucheka.

Lango la majani likasukumwa. Mzee Adinani akaingia, fimbo mbele.

"Rudia, binti."

"Mjomba, alikuwa ananitania," Masoudi akadakia.

"Sikukuuliza wewe." Mzee akamtazama Hajra, na hakuwa na ukali. "Dereva wetu hakumkuta Mbekenyera. Hilo nimekaa nalo siku zote hizi. Sasa nataka la kwako. Kama ni utani, sema utani, mimi narudi Marambo leo. Kama ni kweli, ndoa hii naivunja mimi mwenyewe, maana dada yangu hakuacha mtoto wa kuchezewa. Na nitamwita yule Mbaruku. Talaka yako wewe ilitoka mdomoni kwa nani?"

"Kwa Kulthumu."

"Ehee! Basi alikuwa anafagia njia yake. Nitayasema hayo mbele ya wazee wote, jina lako lirudi. Haya, rudia."

Miaka minne, na sasa mtu anampa jina lake mkononi bure. Hajra alimtazama Masoudi mara moja. Alimwona. Hawezi kusema baadaye kwamba hakumwona.

Akarudia yote. Chumba, kanga, ndoo, sabuni, siku yenyewe ya kifo. Hili la mimba peke yake hakuligusa, na hata leo akiulizwa kwa nini, anasema hajui.

Alipomaliza, mzee akatikisa kichwa polepole. "Masoudi, umesikia. Una la kusema?"

"Ninalo, mjomba."

Sauti ya Masoudi ilikuwa tulivu. Hajra alifikiri atalia. Hakulia.

"Nilitaka kumsitiri huyu mwanamke, lakini amenifikisha pabaya. Mjomba, Hajra alinitaka. Tangu alipoachwa. Anakuja kwenye banda langu la baiskeli kila siku, watu wote wa sokoni wanaona. Mwezi uliopita aliniambia nimwache Kulthumu nimuoe yeye. Nikakataa. Akaniambia utaona. Haya ndiyo anayotaka nione."

"Masoudi!" Hajra akapiga kelele.

"Mwongo huyu, mjomba. Mke wangu alikuwa Mbekenyera, na dereva walipishana tu njiani. Na si mara yake ya kwanza. Kwani aliachwa kwa nini?"

Hajra alikuwa amekwisha kusimama hivi siku moja, mbele ya mwanamume mwingine, akisikiliza uongo unasemwa kwa sauti ya mtu mwema. Alijua unavyokwenda. Alijua kwamba ukilia watasema umekamatwa, na ukinyamaza watasema umekubali.

Mzee Adinani akamgeukia Hajra. Ule upole ulikuwa umeondoka usoni pake.

"Kumbe yule Mbaruku hakukosea," akasema. "Kavaa nguo ya dada yangu kwa ajili ya hili! Mwanamke wewe, mguu wako usikanyage kwetu tena. Si msibani, si harusini. Utani wa koo zetu kwako umekwisha leo, na kwa wazee nitawaambia kwa nini."

Akageuka, akatoka. Fimbo yake ikasikika inagonga mpaka barabarani.

Masoudi alibaki nyuma. Sasa ndiyo alikuwa analia, machozi kweli kweli.

"Nisamehe, mtani. Ni kwa ajili ya mtoto. Ungecheka tu. Si nilikuomba?"

"Usiniite mtani."

"Hajra..."

"Jana nilikusema kama mtani, ukanipa jogoo. Leo hatuna utani, Masoudi. Sasa sikia nitakavyokufanya."

"Utanifanya nini? Nani atakuamini mjini humu?"

"Mjini humu, hakuna."

Alisema hivyo bila kufikiri, halafu akayasikia maneno yake mwenyewe. Akamwangalia Masoudi kwa utulivu mpya, mpaka Masoudi akarudi nyuma hatua moja.

Kwa kunong'ona kwake mwenyewe, akiwa anasihi, Masoudi alikuwa amemkabidhi kitu ambacho Kulthumu hakijui: kwamba mumewe hazai.

Hajra aliingia ndani, akavaa viatu, akajifunga kanga safi. Alipotoka Masoudi alikuwa bado amesimama uani. Akampita.

"Unakwenda wapi? Hajra! Nakuuliza, unakwenda wapi?"

Hakugeuka. Stendi kulikuwa na lori la korosho linawasha injini, magunia yamefungwa, abiria wawili watatu wameshapanda juu. Dereva alimfahamu kwa sura.

"Ruangwa tena, mama? Leo huna mikeka?"

"Leo sina."

"Unakwenda kwa nani?"

"Kwa mume wangu wa zamani," Hajra akasema, akakanyaga tairi kupanda.

Maana Mbaruku alikuwa anatafuta mtoto maisha yake yote, na hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba tayari anaye, na kwamba yuko Nachingwea, anakaribia kupewa baba mwingine.